Kaburi Lisilo na Kifusi

Jioni ya siku ya kwanza ya kongamano, watu wakiwa wameshatawanyika na mvua ya Agosti ikianza kurusha matone makubwa makubwa, Celestine Mokeira alikumbuka kwamba ameacha mwavuli wake ukumbini. Akamwambia rafiki yake Joyline amsubiri garini, akarudi mbio mbio, mkoba kichwani.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa moja mjini Nyamira. Taa zilikuwa zimeshazimwa. Kuanzia mlangoni hadi jukwaani, kuta zilikuwa zimefunikwa na karatasi za manila ambazo washiriki walikuwa wameandika nasaba zao: baba, babu, baba wa babu, hadi pale kumbukumbu ilipokoma. Juu yake kulitundikwa kitambaa kirefu chenye maandishi mekundu: MKATAA KWAO NI MTUMWA.

Mwavuli ulikuwa chini ya kiti, pale pale alipouacha. Akainama kuuokota.

Ndipo aliposikia mkwaruzo.

Taratibu... kama ukucha juu ya karatasi.

Aliinua kichwa. Mbele ya karatasi yake yeye Celestine, kati ya karatasi zaidi ya mia, alisimama mwanamke mwenye kitambaa cha kijivu kichwani. Kidole chake kilikuwa kwenye jina la mwisho, Ondieki, babu yake. Chini ya jina hilo Celestine hakuwa na la kuandika. Aliacha mstari mtupu.

Mwanamke yule hakugeuka. Alisema kwa Kikisii cha zamani, kile cha wazee ambao hawajawahi kukaa na wageni, kwamba mstari ule haukuwa mtupu. Ulikuwa unangoja.

Hapa inafaa tueleze kilichompeleka Celestine kwenye kongamano la nasaba, yeye mwalimu wa kemia ambaye hata mikutano ya ukoo ilikuwa ikimchosha. Siku kumi na moja kabla ya hapo baba yake, Mzee Jethro Onyiego, seremala na shemasi wa Kisabato huko Kiogoro, alikata roho akiwa na barakoa ya oksijeni usoni. Celestine alikuwa amemshika mkono. Neno la mwisho alilisikia nusu. Alisikia habari ya kurudishwa. Alisikia “kwetu”. Kilichotangulia kilimezwa na mlio wa mashine. Mzee alisema nirudisheni, au alisema msinirudishe? Kwa lugha ya nyumbani tofauti ilikuwa silabi moja tu.

Ndugu yake, Lewis, alitaka wamzike Kiogoro nyuma ya nyumba, mambo yaishe. Lakini majirani wazee walikuwa wameuliza kwa upole kwamba, je, huko ndiko kwenu? Maana Ondieki alifika Kiogoro na mke na mtoto mgongoni, bila ng'ombe, bila ndugu, na hadi anakufa hakumwambia mtu alikotoka. Mwili ukawa bado mochari. Mazishi yakapangwa Alhamisi, mahali hapajulikani. Ndipo Joyline, aliyekuwa akifundisha naye shuleni Mosocho, alipomwambia juu ya kongamano hilo la siku mbili, na asubuhi ile Celestine akasimama mbele ya watu wote akaeleza shida yake, akataja majina, akataja hata kwamba mzee bado hajazikwa.

Kwa hiyo hakushangaa sana kwamba mwanamke huyu alikuwa anajua. Alichofanya ni kumwangalia. Umri wake ulikuwa mgumu kukisia. Mikono yake ilikuwa ya mtu aliyetoka shambani, na kila alipoisogeza ilitoa harufu ya udongo uliopinduliwa sasa hivi.

Alisema anaitwa Nyanchama. Alisema yeye ni dada wa kwanza wa Mzee Onyiego, aliyebaki nyuma wazazi walipohama. Kwao ni ng'ambo ya Nyamache, na boma lingali pale. Kisha akatoa kwenye nguo zake daftari la shule lililovimba kwa unyevu, akalifungua.

Nasaba yote ilikuwa mle. Mokeira wa Onyiego wa Ondieki, na nyuma ya Ondieki wanaume wengine sita, mmoja nyuma ya mwenzake. Hakukuwa na mwanamke yeyote kwenye orodha ile isipokuwa Celestine mwenyewe. Na kando ya jina lake, kwa wino ule ule, paliandikwa neno moja.

Karani.

Celestine aliligusa neno lile kwa kidole. Alipokuwa mdogo alikuwa akimwandikia baba vipimo vya mbao, na mzee akambandika jina hilo. Hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo. Lewis mwenyewe alikuwa amelisahau.

“Nani alikuambia hili?”

“Mwenyewe,” alisema Nyanchama.

Kisha akasema atamngoja kesho baada ya chakula cha mchana, ampeleke kwao. Akatoka kwa mlango wa nyuma, ule unaoelekea jikoni. Celestine alipotoka na mwavuli wake hakumwona kwenye mvua, wala Joyline hakuona mtu akipita.

Usiku ule alimpigia Lewis. Lewis alisema matapeli wamejaa siku hizi, kwamba watu husikiliza matangazo ya vifo redioni, kisha wanakuja na undugu wa kutunga. Celestine akakubali. Lakini redio haikutangaza Karani.

Asubuhi alimwendea mwenyekiti wa kongamano, Mzee Anyona, mwalimu mstaafu aliyeandika kila aliyeingia. Anyona alipitisha kidole kwenye orodha yake mara mbili. Hakukuwa na Nyanchama wa Nyamache. Celestine alipomweleza sura na kile kitambaa cha kijivu, mzee alifunga daftari, akamvuta hadi kwenye baraza ambako hakuna aliyesimama.

Alisema amemwona. Si jana tu. Mwaka jana walipokutana Kisii alikuwepo, na mwaka wa kwanza pia. Hajiandikishi, hanywi chai, haketi. Husoma kuta. Mwaka jana familia moja iliyokuwa na msiba ilipata kwao kupitia kwake, wakafurahi, wakamzika mama yao huko. Baada ya mwezi mmoja kaburi lilititia kama godoro lililotolewa pamba. Waliogopa kuchimba waone kama mama bado yumo.

“Mimi sisemi kitu, mwalimu. Ninauliza tu,” alinong'ona. “Amekutajia jina la mama yake?”

“Sijamuuliza.”

“Muulize.”

Mtu mwingine angeishia hapo. Celestine alikuwa mtu wa kupima mambo, na shaka ndiyo iliyomsukuma badala ya kumzuia. Kama mwanamke yule ni tapeli, ataonekana mchana kweupe. Kama ni shangazi yake wa haki, basi mzee alikuwa na kwao, naye binti yake atakuwa amemnyima kurudi kwa sababu ya uoga. Jina la mama wa baba yake alilijua vizuri. Aliitwa Nyangate, na ndiye aliyemlea Celestine hadi akaenda shule. Akaamua atauliza wakifika, si kabla. Akamwomba Joyline awapeleke kwa gari lake.

Nyanchama alikaa kiti cha nyuma. Kutoka Kisii hadi Nyamache alisema mara tatu tu, kushoto, kulia, mbele. Joyline alifungua dirisha ingawa kulikuwa na baridi. Baadaye alieleza kwamba harufu ya udongo ilikuwa imemjaa kooni, na kwamba kwenye kioo cha katikati alikuwa akiona kile kitambaa cha kijivu, lakini kila alipotafuta uso chini yake, barabara ilikata kona.

Walipita kituo cha kuuzia majani chai, akina mama wakipanga foleni na vikapu vyao mgongoni. Barabara ikageuka ya murram, changarawe nyekundu, halafu ikawa njia tu kati ya nyasi ndefu za napia na mikaratusi. Saa kumi na moja na nusu jua lilikuwa limebakiza ukanda mwembamba juu ya kilima. Nyanchama akasema hapa. Gari lilikuwa limeinama kwenye mteremko, matope chini, kwa hiyo Joyline akabaki nalo. Alimshika Celestine mkono, akamwambia akikawia atapiga honi.

Njia iliteremka kati ya migomba. Majani yake makavu yalisuguana... shaa... shaa... bila upepo. Nyanchama alitangulia. Celestine aliangalia nyayo za mwenzake kwenye matope, akaziona ni ndogo mno kwa mwanamke mzima. Akajiambia ni matope tu, hutanuka na kubana.

Boma lilitokea ghafla. Nyumba moja ya udongo, mabati yameliwa na kutu, mlango wazi, ndani giza. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Hakukuwa na kuku wala mbwa, wala moshi wa jikoni saa ile ambayo kila boma Gusii nzima linapika.

Kandokando ya uwanja ardhi ilikuwa na mabonyeo. Celestine aliyahesabu bila kutaka. Sita. Marefu, yametitia, nyasi zimeota ndani.

“Hao ni baba zako,” alisema Nyanchama.

Upande wa kulia wa nyumba, upande wanakozikwa wanaume, kulikuwa na kaburi lililochimbwa. Kingo zilikuwa zimenyooka kana kwamba zimekatwa kwa kisu. Celestine alisogea hatua mbili akachungulia. Sakafu yake ilikuwa laini, imekandamizwa, kama mahali palipolaliwa.

Ilimchukua muda kujua ni nini kilichomtia baridi. Halafu akajua.

Hapakuwa na kifusi.

Shimo la kina kile, na pembeni hakuna hata koleo moja la udongo. Nyasi zilifika hadi ukingoni zikiwa safi. Aliuliza ni nani amechimba, na Nyanchama akajibu kwamba ni wenyewe. Akauliza limechimbwa lini. Nyanchama alitazama jua. Celestine akasema, na sauti yake mwenyewe ilimjia kutoka mbali, kwamba baba alikuwa mrefu, zaidi ya futi sita, na shimo hili ni fupi.

“Litamtosha mtu,” alisema Nyanchama.

Ndani ya nyumba mtu alikohoa.

Kikohozi kikavu cha vumbi la mbao, mara mbili, kisha kimya, kisha cha tatu kirefu. Utoto wake wote Celestine alikuwa akikisikia kupitia ukuta wa chumba chake. Miguu yake ilipiga hatua kuelekea mlangoni kabla hajaituma.

“Karani...”

Ilikuwa sauti ya baba. Au ilikuwa sauti iliyojua jinsi ya kuwa ya baba. Nyanchama alikuwa amesimama kando ya mlango, ameinua mkono kama mtu anayemkaribisha mgeni, akasema aingie kumsalimu baba, amefika kabla yake.

Celestine alisimama. Alikuwa ameuona mwili ule mochari, ubaridi wake ameugusa kwa kiganja. Akakumbuka la Mzee Anyona.

“Shangazi,” alisema polepole, “mama yako aliitwa nani?”

Migomba iliacha kusuguana.

Ndani, kikohozi kilichoanza tena kilikatika katikati.

Nyanchama aliushusha mkono. Kwa mara ya kwanza alimtazama moja kwa moja, na Celestine aliona uso wa mtu ambaye hakuwahi kuzeeka vizuri, kana kwamba miaka ilikuwa imebandikwa juu ya uso wa mtoto. Midomo yake ilijaribu kitu. Ikajaribu tena.

“Aliyeniacha hana jina,” alisema.

Kisha akatembea hadi kwenye shimo, akaketi ukingoni, akaning'iniza miguu ndani kama msichana anayekaa kwenye kingo za kisima. Akasema kwa upole, kana kwamba anamhurumia, kwamba kaburi halilali wazi. Litangoja jua lizame tu.

Celestine alirudi kinyumenyume. Hakukimbia. Alihisi kwamba akikimbia atakuwa amekubali jambo fulani. Alipofika kwenye migomba honi ililia juu barabarani, ndefu, na hapo ndipo alipogeuka akapanda mteremko kwa mikono na miguu.

Joyline hakuwa peke yake. Alikuwa na mzee aliyekuwa akikata napia karibu na hapo, ameshikilia panga lake, amekataa kusogea hata hatua moja kuelekea chini. Yeye ndiye aliyemwambia Joyline apige honi. Walimpakia wakampeleka hadi sokoni, na njiani aliwaeleza machache aliyoyajua.

Alisema boma lile halijakaliwa tangu yeye akiwa mtoto. Watu wa nyumba ile walikuwa na kitu walichokipokea kwa mababu, na masharti yake ni kwamba kila mwanamume aliyezaliwa pale, hata aende wapi, lazima arudishwe alale pale. Mmoja tu ndiye aliyetoroshwa. Mke wake alimtoa alfajiri na mtoto mchanga wa kiume.

Celestine alimuuliza kama waliacha mtu.

Mzee aliligeuzageuza panga lake magotini hadi taa za sokoni zikaonekana.

“Msichana. Wa miaka kama tisa,” alisema. “Alizikwa yeye, mahali pa baba yake.”

Simu ya Lewis iliingia wakiwa ndio kwanza wamemshusha mzee. Alikuwa mochari, na alikuwa na hasira. Alitaka kujua ni shangazi gani ambaye Celestine amemtuma kuuchukua mwili bila kumwambia. Mwanamke mwenye kitambaa cha kijivu alikuja na daftari lenye majina yote ya ukoo. Karani wa pale alimkatalia kwa sababu fomu inataka jina la mama wa marehemu, na yeye hakulijaza. Alikuja saa ngapi? Lewis alisema ni muda mfupi uliopita. Saa kumi na moja na nusu hivi.

Walimzika Mzee Jethro Alhamisi, Kiogoro, nyuma ya nyumba yake, wakamwaga saruji juu siku ile ile. Lewis hakutaja tena matapeli. Kwenye programu ya mazishi Celestine aliandika nasaba kwa mkono wake, akaanza na Nyangate.

Jumapili walikwenda Nyamache, yeye na Lewis, pamoja na naibu wa chifu wa eneo lile na wanaume wanne. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Njia ya migomba ilikuwepo. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na msingi wa mawe uliomezwa na magugu, na mti uliokua pale ambapo Celestine angeapa aliona mlango. Mabonyeo sita yalikuwepo.

Upande wa kulia, shimo halikuwepo.

Palikuwa na tuta. Fupi, jipya, udongo mwekundu bado unyevu, alama za viganja zimebaki pale ulipopigwapigwa ukae vizuri. Viganja vidogo.

Naibu wa chifu alivua kofia yake. Alisema katika kata yake hakuna kifo kilichoripotiwa wiki ile. Hakuna kibali cha mazishi kilichotolewa. Aliwauliza wale wanaume kama kuna mtu aliyesikia kilio usiku wowote, wakasema hakuna. Akamgeukia Celestine, akamuuliza kwa sauti ya chini kama waende kortini waombe ruhusa ya kufukua.

Celestine alitoa simu. Alianza na mume wake, kisha watoto, kisha Joyline, kisha Mzee Anyona, kisha watoto wa Lewis mmoja baada ya mwingine, kisha kila binamu na kila mkwe aliyekuwa na namba yake. Ilichukua saa nzima pale juani. Wote walipokea. Wote walikuwa wazima, wengine wakicheka kwamba kumetokea nini.

Lewis alishusha pumzi, akasema basi, hakuna wetu aliyepungua.

Celestine aliendelea kulitazama lile tuta. Alikuwa akiwafikiria wale mababu sita, na watoto wote ambao huenda waliwazaa huko na huko, na watoto wa watoto wao, waliotapakaa mahali asipopajua, kwa majina asiyoyajua, ambao hawakuwa na habari kwamba wao ni wa boma hili.

Hao hakuwa na namba zao.